Chupa ya Wadudu Wasiotaka Hewa

Walimu wenzangu, tangu nirudi mmekuwa mkinizonga pale ofisini, na kila mmoja nimempa kipande chake. Sasa nasikia vipande vimeungwa vibaya. Mmoja wenu ameshawaambia Kidato cha Tatu kwamba nilikamatwa kivukoni na bomu. Basi nimekaa hapa nyumbani Butimba na daftari, nawaandikia yote mara moja, kisha naomba tuendelee na ratiba ya mitihani.

Machinjioni

Kisa kilianza na unga wa muhogo. Ng'ombe wa mama kule Ukerewe, jina lake Sikitu, alikata kamba akaingia stoo na kula karibu debe zima la unga uliowekwa kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa kaka. Tumbo likachacha. Bwana mifugo wa kijijini alimtibu, uvimbe ukashuka, tukashukuru Mungu. Lakini Sikitu akaacha kucheua. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hali wala hacheui, masikio yamelala, na ana mimba ya miezi saba.

Mnapaswa kumjua Sikitu ni nani. Baba alipofariki, mama alilala. Haumwi, halii, ila haamki. Tulimpeleka kwa wataalamu, tukaleta mapadri, tukaleta mashangazi. Kaka akachoka akaenda mnadani akamletea mtamba, ndiye huyu Sikitu. Kesho yake mama aliamka alfajiri kumkatia majani, na hajarudi kitandani mchana tangu siku hiyo. Kwa hiyo nilipoambiwa Sikitu anakufa, mimi nilisikia jambo jingine kabisa.

Nilimpigia Kulwa, rafiki yangu niliyesoma naye, ambaye siku hizi ni mkaguzi wa nyama kwenye machinjio moja hapa mjini Mwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Tumbo lake limekufa," akasema. "Dawa ilishatibu uchachu. Tatizo ni kwamba wale wapangaji wa ndani wamekwisha. Inabidi ahamishiwe wengine."

Wapangaji. Mimi nafundisha baiolojia mwaka wa kumi na mbili huu, na bado ilinibidi nikae chini. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni pipa la moto lisilo na hewa, na ndani yake mna viumbe wanaomsagia majani. Si bakteria peke yao, hao tumewazoea. Mna wakubwa zaidi, wa seli moja lakini seli iliyokamilika kama nyumba yenye vyumba: ana mdomo, ana koo, ana njia ya kutolea haja, ana vinyweleo vya kuogelea. Niliwahi kuwaona kwenye hadubini chuoni, wanakimbizana kama watu wa sokoni. Na hao wote wanaishi bila oksijeni. Siyo kwamba wanavumilia kuikosa, oksijeni inawaua. Kila siku nawaambia wanafunzi kwamba bila oksijeni hakuna uhai, halafu kumbe ng'ombe anapita barabarani na tumbo linalonikanusha.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa machinjioni na chupa yangu ya chai, ile kubwa ya lita tatu. Kulwa alichagua dume lililoshiba vizuri. Mara tu lilipopasuliwa akachota majimaji ya tumbo, akayachuja kwa kitambaa, akajaza chupa mpaka yakafurika, kisha akakaza kizibo huku yanamwagika mikononi mwake.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Moja, yasipoe. Mbili, hewa isiingie. Tatu, hawa wako hai, wanatoa gesi. Kila baada ya saa moja legeza kizibo kidogo, gesi itoke, kaza hapo hapo. Usifungue. Ukifungua umewaua. Na jua likizama hujafika, mwaga tu."

Akanipa pia chupa ya soda ya kioo, yenye shingo ndefu, ya kumnyweshea ng'ombe. Nikaitia kwenye begi na kuondoka mbio.

Buzuruga hadi Lamadi

Mpango ulikuwa meli ya asubuhi hadi Nansio, kule kule Ukerewe. Ziwa lilikuwa limechafuka, upepo unavuma tangu usiku, na bandarini tukaambiwa hakuna chombo kitakachotoka kabla ya mchana. Sikuwa na mchana wa kusubiri. Nikakimbilia stendi ya Buzuruga, nikapanda basi la Musoma: nishuke Bunda, nishike barabara ya Kisorya, nivuke pale kwa kivuko. Ni kuzunguka ghuba yote ili kufika kisiwa kinachoonekana kwa macho ukipanda mlima.

Nilikaa dirishani, chupa mapajani, nimeikumbatia. Kando yangu alikaa mama mtu mzima, Msukuma, amejifunga khanga mbili, na mfuko wa michembe. Nikamwamkia. Tukapita Kisesa salama. Tulipokaribia Magu akafungua mfuko.

"Karibu michembe, mwanangu."

"Asante mama, nimeshiba."

"Utashibaje na safari ndiyo inaanza? Chukua."

Nikachukua. Mnajua michembe: viazi vitamu vilivyokaushwa, vitamu sana, ila bila kitu cha kuteremshia vinakaa kooni. Akatafuna kimoja, akatafuna cha pili, akaiangalia chupa yangu. Kisha akatoa kikombe cha plastiki kwenye pochi, akakipangusa kwa khanga, akanishikia mbele ya uso.

Nikajifanya naangalia ziwa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "ama chai hiyo imehesabiwa watu?"

"Mama, si chai."

"Ni uji?"

"Ni dawa. Dawa ya ng'ombe."

Akarudisha kikombe polepole. Niliona hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeniamini. Mtu amekula michembe yako, amekumbatia lita tatu, halafu anakwambia dawa ya ng'ombe! Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Lakini niliendelea kuikumbatia.

Tukapoteza karibu saa nzima kabla ya Lamadi, gurudumu la nyuma limepasuka. Abiria wakashuka wakanunua mahindi ya kuchoma. Mimi sikushuka, maana nje kulikuwa na upepo na niliogopa chupa isije ikapoa. Nilikuwa nimepitiliza muda wa kulegeza kizibo kwa sababu ya yule mama, na sasa nikasikia chupa inalia. Ssss. Sauti nyembamba, kama jiko la gesi lisilozimwa vizuri. Mama wa michembe, naye aliyebaki kitini, akageuka.

"Dawa yako inapiga kelele."

Nikashika kizibo kwa mikono miwili, nikalegeza robo mzunguko. Gesi ikatoka kwa nguvu, pamoja na tone la kijani lililoruka hadi kwenye shati langu, pamoja na harufu. Ndugu zangu, ile harufu. Kondakta aliyekuwa mlangoni alisema neno ambalo siwezi kuliandika. Nikakaza. Je, hewa imeingia? Gesi ilikuwa ikisukuma kwenda nje, kwa hiyo kwa hesabu za darasani hewa isingeweza kuingia. Lakini hesabu za darasani hazikuwa na mama yangu ndani yake.

Mama wa michembe alikuwa ameziba pua kwa khanga, na macho yake yamebadilika.

"Kumbe ni tumbo la ng'ombe," akasema. "Pole, mwanangu. Mgonjwa ni wa kwenu?"

"Wa mama."

Alivua khanga yake ya juu, akaizungushia chupa mara tatu, akafunga fundo. "Isipoe," akasema. Nilipojaribu kukataa alikuwa ameshaanza kutafuna tena, ameangalia pembeni.

Bunda

Nilishuka Bunda saa sita na nusu mchana. Kwenda Kisorya kulikuwa na gari dogo moja tu, mchomoko, na dereva hakukubali kuondoka mpaka lijae, na kujaa kwa pale maana yake ni watu wanane. Tulikuwa wanne. Nikasimama juani na chupa yangu iliyofungwa khanga, natembea huku na huku kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Mama ntilie mmoja akaniita nile wali na samaki. Nilimwonyesha chupa kwa kidevu, nikaendelea kutembea.

Simu ikaita. Mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umefika wapi?"

"Bunda. Anaendeleaje?"

"Amelala chini. Asubuhi alikuwa anasimama, sasa hasimami. Mwanangu, nilikuwa nafikiri, hapa kwa Masatu kuna lile dume lake, sasa mimi nikasema labda..."

"Mama, usimguse."

"Nisimguse nani?"

"Sikitu. Usimpe kitu chochote, wala mtu asimpe kitu chochote. Ukimpa vitu vya kubahatisha utaharibu kila kitu. Naleta dawa. Dawa ya kitaalamu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Kaa naye tu."

"Haya."

Nikakata, maana dereva alikuwa amepata abiria wa tano na nilitaka kumwambia nitalipia viti vilivyobaki. Ndivyo nilivyofanya, tukaondoka. Masatu ni jirani yetu. Sikujiuliza dume lake limeingiaje kwenye mazungumzo.

Kisorya

Kivuko kilikuwa ng'ambo. Upepo wa asubuhi ulikuwa umeacha mawimbi, na walikuwa wanasubiri yatulie ndipo wavuke. Hakuna wa kumlaumu. Hata mimi nisingevusha watu kwenye maji yale. Lakini niliona kisiwa chetu pale mbele, miti inaonekana mmoja mmoja, na jua limeshaanza kuteremka upande wangu wa kushoto.

Saa tisa. Saa tisa na nusu. Nilijificha nyuma ya lori la mkaa nikalegeza kizibo mara mbili. Mara ya pili gesi ilitoka kidogo tu, na hapo moyo ulishtuka kuliko ilipotoka nyingi. Gesi kidogo maana yake wamechoka, au wamepoa, au wanakufa. Nikaweka shavu kwenye chupa kama ninavyowaona akina mama kliniki. Ilikuwa na uvuguvugu, au labda lilikuwa ni shavu langu.

Saa kumi kivuko kikaja. Hapo ndipo lilipotokea hilo bomu lenu. Getini alikuwepo mkaguzi wa mizigo, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Akaiangalia khanga, akaangalia shati langu lenye doa la kijani, akanusa.

"Kuna nini humo?"

"Majimaji ya tumbo la ng'ombe. Yana wadudu hai, nampelekea ng'ombe mgonjwa."

"Fungua."

"Dada yangu, siwezi kufungua. Wakipata hewa wanakufa."

Akacheka bila furaha. "Wadudu wakipata hewa wanakufa?"

"Ndiyo."

"Kaka, mimi nimefika kidato cha nne. Kila chenye uhai kinavuta oksijeni. Nimejibu hilo kwenye mtihani na nilipata."

Nyuma yangu foleni ilikuwa inanung'unika. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja, maana inawezekana kabisa aliyemfundisha jibu hilo ni mimi, au mtu kama mimi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia mimi ni mwalimu, na kwamba jibu lile ni la mtihani, na ndani ya chupa hii ni viumbe ambao hawakufanya mtihani. Nikamwambia mama yangu yuko ng'ambo pale, amekaa kando ya ng'ombe aliyeanguka.

"Sogeza sikio," nikasema. "Nitakulegezea kidogo. Ukisikia pumzi, ujue wako hai."

Watu wa karibu wakarudi nyuma hatua tatu. Mmoja akasema kwa sauti, "Litalipuka hilo!" Yule dada hakurudi nyuma. Akainama. Nikalegeza kwa unene wa kucha. Ssss, kidogo, nyembamba. Nami nilikuwa naisikiliza kuliko yeye. Akainuka haraka, mkono puani, machozi yamemtoka kwa harufu.

"Pita," akasema. "Pita, kakae mbele kabisa peke yako."

Nyumbani

Kutoka Rugezi, kivuko kinapotia nanga ng'ambo, nilichukua bodaboda. Nilimwambia kijana aendeshe kama anapeleka mjamzito, yaani upesi lakini bila kurusha, na alifanya hivyo hivyo. Jua lilikuwa bado mikono miwili juu ya maji tulipoingia uani kwetu. Nilikuwa nimewahi. Walimu wenzangu, nilikuwa nimewahi!

Shemeji Nyangeta, mke wa kaka, alikuja mbio kunipokea mizigo. Wakati huo huo mama akaita kutoka zizini, sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa baba: "Njoo! Anaangusha kichwa!"

Nikampa shemeji begi, nikampa chupa, nikakimbia. Na nikiwa nakimbia nikapiga kelele bila kugeuka:

"Shemeji, nioshee chupa kwa maji ya moto, upesi!"

Chupa. Mimi nilimaanisha ile ya soda, ya kunyweshea, iliyokuwa ndani ya begi na haijaoshwa tangu Mwanza.

Zizini Sikitu alikuwa amelaza shingo ardhini. Mama alikuwa amekaa chini kwenye majani, kichwa cha ng'ombe kimeegemea paja lake. Tukamwinua kwa kamba na gunia, kaka akija kusaidia, mpaka akakaa kifua chini, kichwa juu. Nilimshika taya nikalifungua. Mdomo ulikuwa umepoa. Nikasema tuko tayari, leteni.

Shemeji akaja, anatabasamu, amebeba chupa ya chai kwa mikono miwili kama mtu anayemhudumia mgeni.

"Nimeiosha mara tatu, shemeji, kwa maji yanayochemka kabisa. Hiyo chai iliharibika vibaya, sijui mlikunywaje. Nimemwaga kwenye mgomba. Nimeshakutilia nyingine, ya tangawizi."

Nadhani nilikaa chini. Nakumbuka kaka akiuliza kuna nini, na shemeji akiuliza nimekosea wapi, na mimi nikiona tu mgomba ule, na chini yake ardhi yenye unyevu inakauka. Kutoka machinjioni hadi pale nilizuia upepo, kikombe, kidato cha nne na ziwa lenyewe. Na kilichoniangusha ni neno langu mwenyewe. Nilisema kwa sauti, na sioni haya kuwaambia, "Nimemuua." Kisha nikamweleza mama, kwa mara ya kwanza, ndani ya chupa kulikuwa na nini.

Mama alinisikiliza akiwa bado amekishika kichwa cha Sikitu.

"Kumbe dawa yenyewe ni hiyo?" akasema. "Ya tumboni mwa mwenzake?"

"Ndiyo, mama."

Akampa kaka kichwa cha ng'ombe, akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akatoka zizini bila kuvaa ndala. Nikamfuata. Alikatisha shamba hadi kwa Masatu. Dume la Masatu lilikuwa limelala kando ya ukuta linacheua, macho nusu. Mama akamwamkia Masatu kwa mbali, hakusubiri jibu, akapiga magoti kando ya dume, mkono mmoja kwenye pua, mwingine ukingoni mwa mdomo. Akasubiri. Donge la kucheua lilipopanda shingoni, nililiona likipanda, akaingiza mkono upande wa shavu, akalichomoa, akalifumba kiganjani.

"Kimbia nami," akasema.

Tukakimbia, mama yangu na miaka yake sitini na kitu, ngumi amebana kifuani. Nikafungua taya la Sikitu, mama akasukuma donge hadi nyuma ya ulimi, akafunga mdomo, akapapasa koo mpaka likashuka. Lilikuwa na moto wa mwili, halijakaa nje hata dakika mbili. Hakuna chupa duniani ingefanya vile. Tukarudi. Tulienda na kurudi mara saba, mpaka dume likakasirika na jua likaisha.

Ndipo nikamuuliza. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Baba yangu alifanya hivi," akasema, akijifuta mkono kwenye majani. "Mchana nilikupigia nikuambie. Ukasema nisimguse."

"Kwa hiyo ukakaa tu?"

"Nilikaa naye, kama ulivyosema. Nikamwangalia anavyoshuka." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyonipa habari za mvua. "Nikasema, yeye ndiye aliyesoma."



Kesho yake tuliporudi kutoka kanisani Sikitu alikuwa amesimama. Adhuhuri nilikuwa nimeketi mlangoni mwa zizi nilipoona kitu kinapanda kwenye shingo yake, polepole, kikapotea mdomoni, kisha taya likaanza kuzunguka. Niliita kwa sauti. Mama akaja na ndoo ya maji mkononi, akasimama anamtazama, midomo yake nayo inatafuna pamoja naye bila kujua. Kisha akanigeukia.

"Baba," akasema, "nimpe maji, au nisubiri?"

Nilimwambia sijui. Tangu nianze shule sikuwahi kumwambia mama neno hilo. Alinitazama kidogo, akaangalia ndoo, akampa ng'ombe maji.